Kijana Anapolemewa na Wasiwasi: Namna Tiba ya Mazungumzo Inavyosaidia

Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tumezoea kuwaombea wagonjwa wa malaria, wa shinikizo la damu na wa miguu. Ni nadra kusikia nia ikitajwa kwa ajili ya kijana asiyelala kwa hofu, au kwa binti aliyeacha kula kwa sababu marafiki zake wamemtenga. Vijana hao wapo katika kila kigango. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na wasiwasi uliopita kiasi ni miongoni mwa matatizo yanayoongoza. Wengi wao hawatambuliwi. Huitwa wavivu, wenye deko, au wenye imani haba.

Makala hii inakusudia kuwaeleza wazazi, walezi na viongozi wa vijana, kuanzia Matembwe na Lupembe hadi Makambako, jinsi tiba ya mazungumzo inavyofanya kazi, mahali ambapo imejaribiwa katika Afrika Mashariki, na wajibu wetu sisi tunaoishi na vijana hao. Tunaamini kwamba hofu ya kijana ikitajwa mapema kwa jina lake huweza kufundishwa kutii. Ikinyamaziwa, hukua.

Wasiwasi ni nini, na unageuka lini kuwa tatizo

Mungu ameuumba mwili wetu ukiwa na mlinzi. Mtu akikutana na nyoka njiani, moyo humwenda mbio, pumzi hukatika, viganja hutoa jasho na tumbo hukaza. Mwili unajiandaa kukimbia au kupambana. Huo ni wasiwasi wenye manufaa. Hata hofu ndogo kabla ya mtihani humsaidia mwanafunzi kufungua daftari.

Tatizo huanza pale mlinzi huyo anapopiga kelele usiku na mchana bila nyoka kuonekana. Kijana huhofia kuulizwa swali darasani, huhofia kuchekwa, huhofia kwamba mama atafariki akiwa yeye shuleni. Dalili zake mara nyingi hujitokeza mwilini: kichwa kuuma kila Jumapili jioni, tumbo kusokota asubuhi ya shule, usingizi kupotea, hasira za ghafla. Mzazi humpeleka zahanati, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, na watu huhitimisha kwamba mtoto anadanganya. Hadanganyi. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake kiko mahali pengine.

Vipo vipimo viwili vya kumsaidia mzazi. Cha kwanza ni muda: je, hali hii imedumu kwa majuma kadhaa mfululizo? Cha pili ni athari: je, imemzuia kijana kufanya mambo ya kawaida ya umri wake, yaani kusoma, kucheza, kula na wenzake, kwenda kanisani? Majibu yote mawili yakiwa ni ndiyo, anahitaji msaada.

Kwa nini urafiki unauma sana katika umri huu

Mtoto wa miaka saba akigombana na mwenzake asubuhi, jioni wanacheza pamoja. Kijana wa miaka kumi na minne hawezi hivyo. Katika umri wake anaanza kujitambua kwa kujitazama katika macho ya wenzake. Kukataliwa na rafiki humjia kama hukumu juu ya utu wake wote.

Hali hiyo huwa ngumu zaidi bwenini, ambako kijana hawezi kurudi nyumbani jioni na kupumzika. Wanaomnunia darasani ndio wanaomnunia bwaloni na kwenye foleni ya maji. Wakati wa likizo simu huongeza jambo jipya: kuondolewa katika kundi la WhatsApp, au kuona picha za sherehe ambayo hakualikwa. Wazee wetu walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini kijana bado anajifunza kumtambua rafiki huyo, na katika kujifunza huko huumia.

Hata watakatifu hawakusalimika. Basili Mkuu na Gregori wa Nazianzo, ambao Kanisa huwakumbuka pamoja tarehe 2 Januari, walikuwa marafiki wa chanda na pete tangu masomo yao Athene. Mnamo mwaka 372 Basili alimteua Gregori kuwa askofu wa Sasima, mji mdogo ambao Gregori hakuutaka kabisa, naye aliona kwamba rafiki yake amemtumia kwa manufaa ya mambo yake. Jeraha hilo lilikaa kwa muda mrefu. Hata hivyo ni Gregori huyohuyo aliyemsifu Basili katika hotuba ndefu ya maombolezo baada ya kifo chake. Kijana anayeambiwa kwamba marafiki wa kweli hawakosani anadanganywa. Afadhali afundishwe namna ya kukosana na namna ya kurudiana.

Mzigo wa pekee wa Njombe

Hatuwezi kuzungumzia hofu za vijana wetu bila kutaja historia ya nyumba zetu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kwamba Mkoa wa Njombe una kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine: asilimia 12.7 ya watu wazima, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Nyuma ya tarakimu hizo wako watoto waliozika baba au mama, waliolelewa na bibi, shangazi au mama mdogo, na wengine wanaomeza dawa kila siku huku wakihofia mwenzao wa bwenini asije akazikuta.

Mtoto aliyefiwa mapema hujifunza kwamba anayempenda anaweza kutoweka. Ndiyo maana baadhi yao hung'ang'ania rafiki mmoja kupita kiasi, na wengine hujitenga wasije wakaachwa tena. Ukali wa mlezi hauwezi kuondoa jambo hilo. Uwepo wake wa kudumu na masikio yake vinaweza kulipunguza.

Tiba ya mazungumzo hufanyika namna gani

Wengi wetu tukisikia habari za tiba ya akili tunawazia hospitali ya Mirembe mjini Dodoma na dawa za kulewesha. Tiba ya mazungumzo ni kitu kingine. Kijana huketi na mwanasaikolojia au mnasihi aliyefunzwa, mara nyingi kwa saa moja kila wiki, kwa majuma kadhaa. Huzungumza, huandika, na hupewa zoezi la kufanya kabla ya kurudi. Ni kazi ya kujifunza, yenye mwanzo na mwisho.

Tiba inayotumika sana kwa wasiwasi ni ile ya fikra na mienendo, iliyoasisiwa katika miaka ya 1960 na daktari Aaron Beck wa Marekani. Msingi wake ni kwamba wazo, hisia za mwili na tendo huvutana kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Ukisogeza figa moja, chungu chote hutikisika.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Binti wa kidato cha pili anaishi bwenini. Marafiki zake wawili wameacha kuzungumza naye, wakimshuku kwamba ndiye aliyemweleza matroni kuhusu simu iliyofichwa. Tangu hapo anasikia kichefuchefu kila anapokaribia bwalo. Ameomba ruhusa ya kurudi nyumbani mara tatu. Kila akirudi anapata nafuu, na kila nafuu inafanya safari ya kurudi shuleni iwe nzito kuliko ile iliyotangulia. Huo ndio mtego wa wasiwasi: kukimbia hutuliza leo na kuikuza hofu ya kesho.

Mnasihi hatamwambia aache kuogopa. Kwanza atamsikiliza mpaka mwisho, pengine kwa vikao viwili. Kisha watachora pamoja jinsi wazo, mwili na tendo vinavyovutana. Wazo linalomtawala ni kwamba shule nzima inamchukia. Mnasihi atamwuliza: ni nani aliyekuketisha karibu naye katika prepu ya Jumanne? Nani alikuazima kalamu? Taratibu binti atagundua kwamba waliomnunia ni wawili, na kwamba wawili wanauma, ila si shule nzima.

Baada ya hapo watajenga ngazi ya hofu. Kwenye kidato cha chini huwekwa jambo jepesi, kama kumsalimia msichana mmoja asubuhi. Linalofuata ni kuketi bwaloni kwa dakika tano, kisha kumwomba mwenzake waende pamoja kuchota maji. Kileleni kuna lile gumu kuliko yote, yaani kuzungumza na mmoja wa wale wawili. Hapandi kidato kinachofuata kabla ya kukizoea cha kwanza. Mwili hujifunza kwa kutenda kwamba moyo ukienda mbio hutulia wenyewe baada ya muda. Atafundishwa pia kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, ili aweze kubaki pale alipo badala ya kukimbia.

Tiba inayoshughulikia mahusiano yenyewe

Iko tiba nyingine inayoanza moja kwa moja na mahusiano. Humsaidia mtu kutambua ni lipi kati ya mambo manne lililoamsha huzuni yake: kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko ya maisha kama vile kuhama shule, au upweke wa kukosa watu. Kila jambo lina njia yake. Aliyefiwa husaidiwa kuomboleza kwa kumtaja marehemu, mazuri yake na magumu yake. Mwenye ugomvi hufanya mazoezi ya maneno atakayosema, na mnasihi hujifanya ndiye yule rafiki. Aliyehama husaidiwa kuaga ya zamani na kujenga mapya. Mpweke hufundishwa hatua ndogo za kuanzisha mazungumzo.

Mazoezi ya maneno yana thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Vijana wengi wanajua njia mbili tu za kushughulikia ugomvi, yaani kununa na kutukana. Tiba huwapa njia ya tatu: kueleza lililonitokea, jinsi nilivyojisikia na ninachoomba, bila kumhukumu mwenzangu. Huwafundisha pia kutambua urafiki unaowaharibu, ule unaodai siri, fedha au mwili ili udumu, na kuuacha bila kujilaumu.

Yaliyojaribiwa Afrika Mashariki

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Tazama yaliyofanyika kwa majirani zetu. Nchini Uganda, tiba hiyo ya mahusiano ilitolewa kwa vikundi vijijini katika wilaya za Masaka na Rakai, chini ya viongozi waliotoka katika jamii hizohizo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba huzuni ilipungua sana. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya vijana 314 wa kaskazini mwa Uganda, wenye miaka 14 hadi 17, waliokuwa wakiishi katika kambi za waliokimbia vita. Wasichana walipata nafuu ya wazi. Kwa wavulana mabadiliko hayakuwa dhahiri. Hilo litukumbushe sisi tunaowaambia wana wetu kwamba mwanamume halii: kijana aliyefundishwa kunyamaza atahitaji muda mrefu zaidi kabla ya kuufungua moyo.

Nchini Kenya, mpango uitwao Shamiri uliwakusanya wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za huzuni au wasiwasi. Walikutana katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki nne tu. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza sekondari muda mfupi uliopita, wakapewa mafunzo. Walijifunza kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, walijizoeza kushukuru, na walitafakari tunu wanazotaka kuziishi. Wakilinganishwa na wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, dalili zao zilipungua zaidi, na miezi saba baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021.

Karibu nasi zaidi, mjini Moshi na vijiji vyake, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walihusishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Watoa huduma hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, na walezi nao walikuwa na vikao vyao. Mafanikio yalikuwa makubwa zaidi upande wa Kenya kuliko upande wa Tanzania. Kwa hiyo tusiitangaze tiba hii kama muujiza. Tunachojifunza ni kwamba inawezekana kuifanya katika mazingira yetu, kwa lugha yetu, na kwamba mlezi anaposhirikishwa mtoto hanufaiki peke yake.

Je, kwenda kwa mnasihi ni kukosa imani?

Nabii Elia, akimkimbia Yezebeli, aliketi chini ya mti jangwani akaomba kufa. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, chasimulia kwamba malaika hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Baada ya hayo ndipo alipofika Horebu na kuisikia sauti ya Mungu. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Bwana ndiye aliyemwumba. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka 2017, alieleza wazi kwamba akiwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu wa saikolojia mara moja kwa wiki kwa miezi sita, na kwamba alisaidiwa.

Kitubio na tiba havishindani, wala kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Katika kitubio tunapokea ondoleo la dhambi, na wasiwasi si dhambi ya kuungama. Padre anayemsikia kijana akieleza hofu isiyoisha atafanya vema kumpa baraka na kumwelekeza kwa mnasihi. Tofauti nyingine yafaa ijulikane. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, kama isemavyo kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa. Mnasihi pia hutunza siri, lakini ana wajibu wa kutoa taarifa pale maisha ya kijana yanapokuwa hatarini au anapodhulumiwa. Kijana aelezwe hilo tangu siku ya kwanza.

Wajibu wa wazazi, walezi na parokia

Wanasihi ni wachache, na kutoka Matembwe hadi Njombe mjini ni safari, hasa barabara inapoloa. Kwa hiyo sehemu ya kazi hii ni yetu.

Mzazi aanze kwa kusikiliza. Mazungumzo mazuri na kijana hufanyika mikono ikiwa na kazi: mkivuna chai, mkimenya viazi, mkiota moto jioni za baridi ya Juni na Julai. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Jiepushe na maneno matatu yanayofunga mlango: "sisi zamani hatukuwa hivyo", "mwenzako fulani mbona hasumbui", na "sali tu yataisha". Usimwahidi kumhamisha shule mara moja, kwa kuwa kila anaporuhusiwa kukimbia hofu inapata nguvu. Hata hivyo kama anapigwa, anadhalilishwa au anaguswa vibaya, mwondoe kwenye hatari kwanza na mengine yafuate.

Hatua inayofuata ni kumwona mwalimu wa malezi na unasihi shuleni, ukiwa na maelezo ya yale uliyoyaona na tangu lini. Pale hali isipobadilika, nenda kituo cha afya uombe rufaa hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au umwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, inayopigwa bure nchini kote, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.

Walezi wa TYCS na VIWAWA, pamoja na akina mama wa WAWATA, wanaweza kuhakikisha kwamba kila kijana anajulikana kwa jina na mtu mzima mmoja nje ya familia yake. Asipoonekana majuma mawili, mtu huyo amtafute. Hiyo si tiba, na mlezi asijifanye mtaalamu wala kuyageuza ya kijana kuwa mfano katika semina. Ni njia ya kufanya upweke usipate mahali pa kukaa.

Zipo dalili zisizosubiri. Kijana akisema kwamba ni afadhali asingezaliwa, akigawa vitu vyake kama anayeaga, akijikata, au akitafuta sumu za shambani, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu na kamba karibu naye, mwulizeni waziwazi kama anawaza kujiua, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humwonyesha kwamba yupo aliyeona. Na familia ambayo tayari imempoteza mtoto kwa njia hiyo isitengwe wala kunong'onwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2282 na 2283, yafundisha kwamba matatizo makubwa ya nafsi hupunguza uwajibikaji wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya waisome makala hii pamoja na wazazi katika mkutano mmoja wa wiki, kisha wajiulize swali moja: katika nyumba zinazounda jumuiya yetu, ni kijana gani ambaye hatujasikia sauti yake kwa muda mrefu? Yafaa nyumba hiyo ndiyo itembelewe kwanza.